Nguva na Zimwi la Ziwani

Desemba 1933 gazeti la Daily Mail la London lilimtuma mwindaji Marmaduke Wetherell, mtu aliyejijengea jina kwa kusaka wanyama wakubwa barani Afrika, akalitafute dude linalosemekana kuishi Loch Ness, ziwa refu lenye kina kirefu huko Uskoti. Hazikupita siku nyingi akaibuka na habari: amekuta nyayo mbichi ukingoni mwa ziwa. Zikamiminwa plasta, nakala zikapelekwa kwa mabingwa wa makumbusho ya London, nao Januari 1934 wakatoa jibu. Nyayo ni za kiboko. Tena si kiboko mzima, ni mguu uliokaushwa, wa aina ile ambayo wakubwa wa Kiingereza walikuwa wakiweka majumbani mwao kuchomekea miavuli. Basi ushahidi wa kwanza wa kushikika wa zimwi mashuhuri kuliko yote duniani ulikuwa kipande cha mnyama wa kwetu, kilichovushwa bahari kiwe pambo la sebuleni.

Wetherell alichekwa, na fedheha ile haikumtoka moyoni. Aprili 1934 Daily Mail lilelile likachapisha picha iliyoletwa na daktari Robert Kenneth Wilson: shingo nyembamba imechomoza majini, kichwa kidogo, viwimbi pembeni. Watu waliitetea picha hiyo kwa miaka sitini. Ni 1994 ndipo ilipowekwa wazi kwamba kile kilikuwa kichwa cha kuundwa, kimepachikwa juu ya nyambizi ya kuchezea watoto, na fundi wake ni Christian Spurling, mtoto wa kambo wa Wetherell. Gazeti lilimwaibisha mzee, mzee akalipiza kisasi kwa gazeti na kwa dunia nzima.

Msako haukukoma. Mwaka 1987 mashua 24 zilijipanga safu moja zikalipiga ziwa kwa mitambo ya sona, ile inayotuma sauti chini ya maji na kusikiliza mwangwi. Mwaka 2018 Profesa Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, akaja na njia ya kisasa zaidi: kuchota maji na kusoma vinasaba vinavyoachwa na kila kiumbe apitaye, iwe ni kamasi, magamba au kinyesi. Matokeo yaliyotolewa 2019 yalionyesha mikunga kwa wingi usio kifani. Mtambaazi mkubwa hakuacha hata chembe.

Kwale, kwenye pwani ya kusini ya Kenya, haina ziwa la namna hiyo. Maji yetu ni ya chumvi, yana mwamba na milango yake, mikoko ya Gazi na Vanga, na mikondo ya Wasini ambayo nahodha mgeni haichezei. Hata hivyo, msako wa Loch Ness unatuhusu, kwa kuwa sisi tunausafiri kinyumenyume. Kule watu wamehangaika karibu karne nzima kuigeuza hadithi iwe mnyama. Huku mnyama wa kweli, mwenye mifupa na maziwa ya kunyonyesha, anageuka hadithi machoni petu, na wanaomtafuta hawajai hata basi dogo la Ukunda. Huyo ni nguva. Kabla ya kumfikia, inafaa tujue ni nini hasa kinachotenganisha zimwi na mnyama, maana Afrika Mashariki imeshapata kesi za pande zote mbili.

Mazimwi ya maji baridi tunayo. Watu wa Buganda walisimulia habari za lukwata, kiumbe mkubwa wa Ziwa Viktoria anayeisumbua mitumbwi, na Sir Harry Johnston, aliyekuwa mkuu wa serikali ya kikoloni Uganda, aliiandika habari hiyo mwanzoni mwa karne ya ishirini. Upande wa Kenya kulikuwa na dingonek. Mwindaji John Alfred Jordan alidai kumwona kwenye mto Migori, na Mmarekani Edgar Beecher Bronson akaichapisha habari yake kitabuni mwaka 1910: kichwa kama cha simba jike, meno mawili marefu meupe, mgongo mpana wa kiboko wenye magamba, na madoa ya chui juu yake. Binafsi, mnyama akishaanza kuungwa kwa viungo vya wanyama watatu ninaowajua, nashuku kwamba fundi wake yuko kambini, karibu na chupa. Magharibi zaidi, kwenye vinamasi vya Likouala nchini Congo-Brazzaville, mwanabiolojia Roy Mackal wa Chuo Kikuu cha Chicago aliongoza misafara mwaka 1980 na 1981 kumtafuta mokele-mbembe, anayedhaniwa kuwa masalia ya dinosaria. Alirudi na masimulizi mengi. Mzoga hakuwa nao.

Lakini Johnston huyohuyo wa lukwata alikuwa amesikia pia habari za mnyama wa msitu wa Ituri, mashariki ya Congo, anayefanana na punda na kujificha gizani. Ilionekana hadithi ya kitoto. Wambuti, wenyeji wa msitu, walimjua vizuri na walimla. Johnston akapata vipande vya ngozi yenye milia, kisha ngozi kamili na fuvu, akavituma London, na mwaka 1901 okapi akaingia kwenye orodha ya wanyama wa sayansi. Masikio yaliyosikia habari zote mbili yalikuwa ya mtu mmoja, na mashahidi wa pande zote mbili walikuwa wenyeji wanaoyajua maji na misitu yao. Kilichowatenga okapi na lukwata ni fuvu la kichwa. Idadi ya walioona, hadhi zao, hata viapo vyao, havikuamua lolote.

Bahari yetu nayo ina okapi wake. Silikanti, samaki aliyedhaniwa kuwa alitoweka zamani za dinosaria, alipatikana Afrika Kusini mwaka 1938, ikachukua miaka kumi na minne mwingine kupatikana Visiwa vya Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimwita gombessa na kumdharau kwa nyama yake mbovu. Mwaka 2001 akanaswa mmoja karibu na Malindi, na miaka michache baadaye wakaanza kuingia mmoja baada ya mwingine katika nyavu za Tanga, jirani kabisa na Vanga yetu. Walinaswa na jarife, wavu wa macho makubwa unaotegwa kwa ajili ya papa na taa. Tutakutana na wavu huo tena.

Kwa hiyo, mtu akiniambia kuna dude fulani baharini, simbishii haraka. Namuuliza: wangapi wamenaswa? Mnyama mkubwa anayeishi mahali penye nyavu hufa siku moja, na akifa huacha mfupa.

Mtihani huo papa shilingi anaufaulu bila shida. Msimu wa kaskazi hupita nje ya mwamba wa Diani, mkubwa kama basi, mara nyingine mita kumi na ushei, na mgeni akimkuta kwa mara ya kwanza moyo humlipuka. Hana habari na mtu. Hufungua kinywa kipana kama lango akachuja vijidudu vya majini. Husimuliwa kwamba Mungu alipomaliza kumuumba alipendezwa naye mno, akawapa malaika shilingi za fedha wamrushie kutoka mbinguni. Zikatua mgongoni zikabaki pale. Ndiyo maana huja juu ya maji jua likiwaka, aonyeshe mali yake. Madoa hayo meupe kila papa ana mpangilio wake, na mwaka 2005 watafiti walichapisha njia ya kuwatambua kwa picha wakitumia programu iliyotoholewa kutoka kwa wanaastronomia, waliokuwa wakiilinganisha mipangilio ya nyota katika picha za darubini ya Hubble. Shilingi za malaika sasa zinahesabiwa kwa hesabu za nyota. Kama kuna mahali ambapo hadithi na sayansi zimeshikana mikono bila kugombana, ni mgongoni mwa samaki huyu. Pesa za kweli nazo zilitaka sehemu yao: mwanzoni mwa miaka ya 2010 lilizuka pendekezo la kuwafungia papa shilingi wawili katika uzio wa baharini huko Waa ili watalii wawatazame, likapingwa vikali, likafa.

Sasa nguva. Watu wengi wakisikia jina hili huona mwanamke mwenye nywele ndefu na mkia wa samaki, anayechana nywele mwambani na kuwavuta mabaharia. Picha hiyo ina asili ndefu. Columbus, Januari 1493, aliandika kuwa ameona nguva watatu katika bahari ya Karibi, akaongeza kwamba hawakuwa wazuri kama wanavyochorwa. Wanyama aliowaona ni binamu wa nguva wetu. Aden, bandari ambayo majahazi ya pwani hii yaliijua vyema, abiria wa meli walikuwa wakionyeshwa nguva waliokaushwa na kuambiwa hawa ndio wanawake wa baharini, walipe waone. Kwetu wazee husimulia kwamba mvuvi aliyeleta nguva jike sokoni aliapishwa kwanza kuwa hakumwingilia, ndipo nyama ikauzwa. Ukweli wa desturi hiyo nauachia wenyewe. Ninachojua ni kwamba hadithi ya namna hiyo haizuki mahali ambapo mnyama haletwi sokoni.

Mnyama mwenyewe hana urembo wa kumtia mtu wazimu. Ana urefu wa hadi mita tatu, uzito wa kilo 400 au zaidi, mdomo mpana ulioinama chini kama ufagio, na macho madogo. Kwa nasaba yuko karibu na tembo kuliko pomboo. Jike ana chuchu mbili, moja kila kwapa, na humnyonyesha mtoto majini. Hapo ndipo wengi wanapodhani hadithi ya mwanamke ilipoanzia. Hula nyasi za bahari, si mwani, na huzing'oa pamoja na mizizi. Anapopita huacha nyuma yake mfereji mtupu, upana wa kiganja au viwili, unaojipinda mita kadhaa katikati ya kijani, kingo zake zimekatika safi na mchanga umefumuka. Maji ya bamvua yakitoka sana, mfereji huo huweza kuonekana kwa macho. Kasa hakati hivyo, yeye huparura majani juujuu. Ukimtafuta nguva, anza na alama hiyo, wala usisubiri kichwa kichomoze, maana kichwa hakichomozi: huleta pua tu juu ya maji, akavuta pumzi sekunde moja mbili, akazama kwa dakika kadhaa. Mvuvi anaweza kuwa naye hatua hamsini asijue.

Pwani ya kusini ya Kenya iliwahi kuwa nao kwa mamia. Maandishi ya wataalamu yanarudia kumbukumbu moja ya mwaka 1967: kundi la nguva karibu 500 lilionekana katika pwani hii ya kusini. Leo idadi hiyo inasikika kama chumvi ya baharia. Lakini katika Ghuba ya Uajemi, kati ya Bahrain na Qatar, kundi la zaidi ya 600 lilihesabiwa kutoka angani mwaka 1986, kwa hiyo makundi ya ukubwa huo si ndoto. Ilipofika 1994, ndege ilipopita juu ya maji ya Kenya kuwahesabu, walionekana kama kumi tu. Desemba 2022 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, liliwaweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, likikadiria kuwa waliokomaa hawafiki 250 katika pwani nzima. Waliobaki kwa kundi la kueleweka wako Bazaruto, Msumbiji.

Kutoka 500 hadi kumi katika kipindi cha mtu kuzaliwa na kuoa! Mtu hujiuliza waliliwa na nani. Jibu halina zimwi. Jike huzaa mtoto mmoja kila miaka mitatu hadi saba, mimba yenyewe miezi kumi na mitatu au zaidi. Mnyama wa uzazi huo hawezi kuvumilia hata vifo vichache vya ziada kila mwaka. Na vifo vilikuja na jarife. Wavu huu hutegwa jioni, huachwa usiku kucha, macho yake mapana yakingoja papa. Nguva akija kulisha gizani huingiza kichwa au mkono, hujizungusha ili ajinasue, kumbe anajifunga zaidi. Asipopata hewa kwa dakika chache amekwisha. Asubuhi mvuvi huvuta wavu akidhani amepata papa mkubwa. Wachache sana walitoka nyumbani wakiwa na nia ya kuua nguva. Nyama ilikuwa tamu, mafuta yalikuwa dawa, na mzigo ukishakufa nani autupe?

Sababu ya pili iko chini ya mashua. Kenya ina aina kumi na mbili za nyasi za bahari, na Gazi, Msambweni, Diani hadi Chale ni miongoni mwa mahali zilipostawi. Katika maji tulivu ya ndani ya mwamba wa Diani, wale viumbe wa mviringo wenye miiba tele, ambao ukimkanyaga mmoja usiku hulali, walizidi kiasi cha kuzila nyasi hadi mchanga ukabaki wazi. Walizidi kwa sababu samaki wanaowala walivuliwa. Nalo juya, wavu wa kukokota, likapitishwa juu ya kilichobaki. Watafiti waliochunguza uvuvi wa Diani miaka ya 1990 waliandika pia kuhusu mizimu ya pwani na sadaka za bahari za Wadigo, na jinsi wazee wa baadhi ya vituo walivyokataa juya lisiingie kwao. Mahali pa mzimu palikuwa na masharti, na masharti hayo yaliwapunguzia samaki adha. Serikali ilipotangaza hifadhi ya bahari ya Diani-Chale mwaka 1995, wavuvi waliipinga. Hifadhi ya bahari ya Kisite, iliyo chini ya ulinzi tangu miaka ya 1970, kwa upande wake imestawi. Pomboo wake wanailisha Wasini na Shimoni kwa kuvuta watalii. Pomboo huruka, nguva haruki, na kwa mwenye mashua ya watalii mnyama asiyeruka hana soko.

Tumtafuteje basi mnyama wa namna hii? Njia karibu ni zilezile za Loch Ness, ila safari hii zina kitu cha kupata. Ndege ndogo hupita chini kwa mistari iliyopangwa, wahesabuji dirishani. Mtafiti Helene Marsh wa Australia na wenzake, kuanzia miaka ya 1980, walifafanua hesabu za kurekebisha: kwa kila nguva aliyeonekana kuna aliyekuwa chini ya maji machafu, na kuna aliyekuwa wazi kabisa lakini mhesabuji akapiga chafya. Kwa hiyo kumi walioonekana si kumi walioko. Lakini hesabu hizo hufanya kazi penye wanyama wengi. Wakishakuwa watano au wawili, sifuri ya ndege haikuambii kitu. Vinasaba vya majini vinaweza kusaidia, ingawa bahari si ziwa, mkondo wa Wasini unaweza kubeba chembe mbali kabla hujafunga chupa.

Inabaki kuuliza watu, na hapa ndipo mambo yanapokorogeka. Mtafiti hukaa na mzee chini ya mwembe pale Msambweni. "Mzee, umewahi kumwona nguva?" "Zamani sana, mwanangu." Zamani ipi? Kabla ya uhuru, kabla ya El Niño, kabla sijaoa. Vijana hucheka, kwao nguva ni yule wa katuni. Wengine wataonyesha picha ya pomboo, wengine watataja chewa mkubwa, samaki ambaye naye hufikia mita mbili na nusu na ana hadithi zake za kumeza watu. Na wapo wanaojua vizuri walichokiona mwaka jana, lakini hawasemi. Sheria ya wanyamapori ya 2013, ilipopitishwa, iliweka faini isiyopungua Sh20 milioni au kifungo cha maisha kwa kosa linalohusu mnyama aliye hatarini kutoweka. Mvuvi asiye na hata injini atasema nini mbele ya mtu mwenye kalamu na gari la serikali? Atasema hajaona. Loch Ness ina mashahidi wengi kuliko wanyama kwa kuwa kuona kunalipa: hoteli zinajaa. Kwale huenda ina wanyama zaidi kidogo kuliko mashahidi, kwa kuwa kuona kunatia hasara. Sheria iliyotungwa kumlinda nguva imemfuta kwenye midomo ya watu wanaomjua zaidi.

Nani basi athubutu kutamka kwamba nguva wa Kwale wamekwisha? Mfano wa kutisha upo. Mtaalamu wa viumbe Georg Steller alimweleza ng'ombe-bahari wa Pasifiki ya kaskazini mwaka 1741, ndugu wa nguva, urefu wa mita nane. Kufikia 1768, miaka ishirini na saba tu, wawindaji walikuwa wamemmaliza. Baada ya hapo watu waliendelea kudai wamemwona hapa na pale, na madai hayo yakafanana na ya Loch Ness: kivuli, mgongo, pua. Mnyama alikuwa ameshavuka upande wa pili. Kutangaza mapema kwamba hayupo kuna madhara yake pia, maana bajeti huhamia kwingine na jarife hupata ruhusa isiyoandikwa.

Na hata akionekana mmoja kesho nje ya Gazi, kuonekana peke yake hakumalizi neno. Nguva waliofungwa vifaa vya kuwafuatilia wamewahi kusafiri mamia ya kilomita. Huyo wa Gazi anaweza kuwa mkazi, mtoto wa wale 500. Anaweza kuwa mpita njia kutoka Lamu na Kiunga, au kutoka Mafia na mlango wa Rufiji. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama nyasi za Msambweni zilindwe kama nyumbani au kama kituo cha njiani, na kama kazi hii ni ya kaunti peke yake au ni ya Kenya na Tanzania pamoja. Picha ya simu haiwezi kujibu. Kipande cha ngozi kisichozidi ukucha, kutoka kwa mnyama aliyekufa wavuni, kinaweza. Ili kipande hicho kimfikie mtafiti, mvuvi aliyenasa bila kukusudia awe na mahali pa kukipeleka, tuseme ofisi ya kikundi chake cha ufukweni, akakiacha pale na kueleza alitega wapi na saa ngapi, kisha arudi kwake bila pingu. Utaratibu wa namna hiyo unahitaji kanuni moja iliyoandikwa wazi na friji ndogo, gharama ambayo haifiki hata ya siku moja ya zile mashua 24 za Loch Ness.